Kabla ya kuitupa kompyuta kuukuu, tafuta wenzako

MSOMAJI mpendwa, leo nina ombi dogo. Kabla hujaendelea kusoma, hebu inua macho utazame juu ya kabati, au uchungulie chini ya kitanda. Je, hakuna mfuko mweusi pale, na ndani yake laptopu ambayo haijawashwa kwa muda mrefu? Kama ipo, basi mimi na wewe tuko katika mashua moja. Na kama kwako haipo, bila shaka ipo kwa shemeji au kwa jirani.

Yangu ilikuwa juu ya kabati. Niliinunua ikiwa mtumba, miongoni mwa zile zinazoletwa nchini kutoka Uingereza baada ya maofisi ya huko kuzichoka, na ikanifaa kwa miaka saba. Niliandikia makala, baba watoto akawekea hesabu za duka, watoto nao wakafanyia kazi za shule. Kisha ikaanza kusuasua. Ukiiwasha, unaweza kuchemsha chai na kuinywa kabla haijawa tayari.

Fauka ya hayo, ikaleta tangazo kwenye skrini. Huenda nawe uliliona kwako. Kampuni ya Microsoft ilikuwa imetangaza kwamba kuanzia Oktoba 14, 2025 haitaendelea kuuhudumia mfumo wa Windows 10, uliotolewa mwaka wa 2015. Kompyuta hazikuzimika siku hiyo, la hasha. Ila matundu mapya ya usalama yakigunduliwa, hayatazibwa tena. Kampuni iliwapa watu wa nyumbani nafasi ya kujiandikisha kwa nyongeza ya mwaka mmoja, hadi Oktoba 2026. Baada ya hapo njia ni kuhamia Windows 11, nao mfumo huo unadai kifaa cha usalama na prosesa ambavyo kompyuta nyingi zilizoundwa kabla ya 2017 hazina. Yangu haikuwa navyo.

Ningekuwa na hasara ya kompyuta tu, nisingekuchosha na habari hizi. Lakini ndani ya ile laptopu mlikuwa na sauti ya marehemu mama. Mwaka mmoja kabla hajatuacha, nilimrekodi akiwasimulia wajukuu hadithi za sungura na fisi, hadithi 11 kwa jumla, nyingine zikikatizwa na kikohozi, nyingine na jogoo. Nilizihamisha kutoka kwenye simu, na ile simu ikaja ikaibwa ndani ya matatu. Naam, nakala ilikuwa moja tu. Unaweza kunisuta, ila nimekwisha kujisuta mwenyewe vya kutosha.

Niliipeleka kwa fundi mmoja katikati ya jiji. Hakuifungua. Aliiwasha, akaisikiliza inavyokwaruza, akatikisa kichwa.

“Mama, hii ni maiti,” akaniambia. “Niachie kwa 3,000 nitoe vipuri, halafu ongeza pesa uchukue nyingine.”

Nilipomuuliza kuhusu vitu vilivyomo ndani, alinijibu kwamba vya maiti huzikwa na maiti. Nikaichukua laptopu yangu nikaenda zangu, machozi yakinilengalenga.

Aliyeniokoa ni kijana wa jirani yetu, mwanafunzi wa chuo, tuliyekutana kwenye ngazi. Alinisikiliza, kisha akaniambia, “Anti, usiiuze. Njoo nayo Jumamosi pale tunapokutana wenye kutumia Linux. Lakini tafadhali usiiwashe tena kabla ya hapo. Diski ikianza kukwaruza, kila ukiiwasha unaizidishia maradhi.”

Linux ndiyo kitu gani?

Kila kompyuta ina mfumo mkuu unaosimamia programu nyingine zote. Huo ndio unaoiamuru diski isome, skrini ionyeshe na spika zilie. Windows ni mmojawapo. Linux ni mwingine. Tofauti ni kwamba Linux hutolewa bure, na maandishi yake yote ya ndani yako wazi kwa atakaye kuyasoma na kuyarekebisha.

Chukua mfano wa wapishi wawili. Wa kwanza hukuuzia pilau na kuificha siri ya viungo. Wa pili hukupa pilau pamoja na maelezo ya mapishi, ukiona chumvi imezidi upunguze, bora tu ukiwagawia wengine pilau yako nao uwape maelezo yale yale. Linux ni pilau ya huyu wa pili. Na usidhani ni jambo geni kwako. Kama simu yako ni ya Android, basi kiini cha Linux kimo mfukoni mwako sasa hivi.

Chanzo chake chafaa kusimuliwa, kwa maana ndicho kiini cha makala haya. Mwaka wa 1991 kijana wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland, Linus Torvalds, mwenye umri wa miaka 21, alikuwa amejinunulia kompyuta na kuanza kuitungia mfumo wake mwenyewe. Agosti 25 mwaka huo akawapasha habari wapenzi wengine wa kompyuta kupitia mtandao. Aliwaambia kwamba ni mchezo wake tu wa kupitisha muda, wala hautakuwa jambo kubwa. Tena akaungama kwamba yamkini mfumo huo hautaweza kamwe kutumia diski za aina nyingine, ila ile ya aina aliyokuwa nayo yeye, kwa sababu hakuwa na nyingine.

Hebu litafakari hilo, msomaji. Mfumo ambao tangu Novemba 2017 umekuwa ukiendesha kompyuta zote 500 zenye nguvu kupita zote duniani ulianza ukijua diski ya aina moja, mezani kwa mwanafunzi mmoja. Ulitokaje pale? Ulitoka kwa sababu watu walimwandikia wakamwambia: kwangu imekataa. Mmoja alikuwa na diski ya aina nyingine, mwingine kibodi ya lugha nyingine, mwingine kadi ya skrini ambayo Torvalds hajapata kuiona. Kila aliyesema “yangu imekataa” na akaeleza inavyokataa, aliuongezea ule mfumo kipande. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Ndiyo maana watu wa Linux hupenda kukutana, na ndiyo maana mazungumzo yao hayaishi kuwa juu ya vyuma: diski gani, kadi gani, printa gani. Wengine hudhani ni upuuzi wa vijana wasio na kazi. Kumbe ndiyo kazi yenyewe.

Walianza kukutana lini?

Desturi hiyo ina umri kuliko Linux. Machi 5, 1975, watu kadha walikusanyika katika gereji ya Gordon French huko Menlo Park, California, kuzungumzia kompyuta za kujiundia nyumbani. Kundi lao liliitwa Homebrew Computer Club. Mmoja wa waliokuwapo jioni hiyo ni Steve Wozniak, ambaye baadaye aliwaletea wenzake wa kundi kompyuta aliyoibuni mwenyewe ili waione. Hiyo ndiyo iliyokuja kuitwa Apple I.

Linux ilipoenea katika miaka ya 1990, wapenzi wake katika miji mingi ya Marekani na Ulaya waliunda vikundi, wakawa na siku maalumu za kusakinishiana. Mtu alibeba kompyuta nzima, sanduku na ile skrini nzito yenye mgongo, akaipeleka ukumbini ili wajuzi wamsaidie. Haukuwa mzaha. Siku hizo ulitakiwa kuiandikia kompyuta mwenyewe vipimo vya skrini yako, na onyo lilikuwapo kwamba vipimo vya kubahatisha vyaweza kuiharibu skrini yenyewe. Tena palikuwa na modemu za bei rahisi ambazo ni nusu ya kifaa, kazi nyingine zikiachiwa Windows, kwa hiyo kwenye Linux zilikaa kama jiwe. Aliyejua modemu ipi ya kununua na ipi ya kukwepa alikuwa na mali.

Mambo yamekuwa mepesi tangu siku hizo, lakini mikutano haikufa. Kule Brussels, Ubelgiji, mkutano wa FOSDEM umekuwa ukiandaliwa tangu 2001, na watu huingia bila kulipa. Na Windows 10 ilipokaribia mwisho wake mwaka wa 2025, wapenzi wa Linux walianzisha kampeni iitwayo End of 10, kuwahimiza watu wasitupe kompyuta nzima bali watafute kikundi kilicho karibu. Miongoni mwa walioitikia ni vile vibanda vya hiari vya kutengenezeana vitu, Repair Café, ambavyo Martine Postma alivianzisha mjini Amsterdam mwaka wa 2009. Siku hizi basi, mtu huenda mahali pamoja akashonewa koti, akatengenezewa pasi na akafufuliwa kompyuta.

Jumamosi yangu ya kwanza

Sasa nirudi kwangu. Jumamosi ilipofika nilikaribia kutokwenda. Nilijiona nitachekwa. Mimi ni mwandishi, kompyuta naijua kwa kuiandikia tu, na huko nilidhani nitakuta vijana watupu wanaozungumza kwa mafumbo.

Nilikuta chumba cha kuazima nyuma ya kanisa, watu 14, nyaya za umeme zimetandazwa sakafuni, chupa mbili za chai na sinia ya mandazi. Vijana walikuwapo, ndiyo. Lakini aliyekaa mwisho wa meza, miwani puani na daftari kubwa mbele yake, alikuwa mwalimu mstaafu wa Kemia, mama mwenye umri wa kunizaa. Nilianza kuomba radhi kwa ujinga wangu. Akanikatiza.

“Mwanangu, hapa hatumuulizi mtu anajua nini,” alisema. “Tunauliza mashine inaumwa wapi. Haya, eleza.”

Nikaeleza. Swali la kwanza lilikuwa kama nina nakala ya vitu vyangu mahali pengine. Niliposema sina, hakuna aliyecheka. Wote walinyamaza kidogo, kama watu waliopashwa habari za mgonjwa mahututi.

Hawakuiwasha kutoka kwenye diski yake. Kijana wetu alichomeka flashi yenye Linux, kompyuta ikawakia kutoka kwenye ile flashi, diski ya ndani ikaachwa ilale. Kisha wakaiuliza diski hali yake, maana diski nyingi hujiwekea kumbukumbu za hitilafu zake, nayo ikakiri kwamba inakufa. Wakatumia programu iitwayo ddrescue, ambayo huanza kwa kunakili sehemu zilizo nzima, kisha ndipo ikazirudia zilizoharibika. Kijana alinikopesha diski yake ya nje. Kazi ilianza saa nne asubuhi. Hadi saa kumi na moja jioni bado ilikuwa ikiendelea, watu wamekwisha kwenda makwao, tumebaki watatu.

Hadithi tisa kati ya 11 zilipona. Mbili hazikurudi. Tulipofungua ile ya kwanza na sauti ya mama ikajaa mle chumbani, akiwauliza wajukuu kama wako tayari kusikiliza, ilinibidi nitoke nje kidogo.

Wiki mbili baadaye nilirudi na diski mpya isiyo na sehemu za kuzunguka, wakanisakinishia mfumo wa Linux Mint. Ile kompyuta iliyoitwa maiti sasa huwaka kabla sijavuta kiti. Kulikuwa na kasoro moja: haikuona wai-fai. Vijana wakaanza kubishana. Mwalimu hakubishana. Alifungua daftari lake, akapekua, akaweka kidole.

“Kadi hii hii ilitusumbua mwezi wa tatu,” akasema. “Unganisha simu kwa waya tupate intaneti, kisha ongeza programu hii hapa.”

Dakika kumi hazikupita. Daftari lenyewe nililichungulia. Kila ukurasa una jina la mashine, mwaka wake, kadi yake ya wai-fai, kilichokataa, kilichokiponya, na tarehe. Ama kwa hakika, mali bila daftari hupotea bila habari.

Ya kuzingatia kabla ya kuanza

Msomaji, huenda nawe umeanza kutamani. Basi haya ndiyo niliyoyaokota kwa wenzangu wale, nakupa kama nilivyopewa.

Kwanza, nakili vitu vyako vyote mahali pengine kabla ya kugusa chochote. Vikiwa na thamani kubwa, nakili mara mbili. Usifanye kama mimi.

Pili, jaribu kabla ya kuoa. Linux yaweza kuwashwa kutoka kwenye flashi bila kuigusa Windows iliyomo. Flashi ya gigabaiti nane yatosha, ila kumbuka kwamba vyote vilivyokuwa ndani ya flashi hiyo vitafutwa wakati wa kuitayarisha. Ukishaiwasha hivyo, kagua wai-fai, sauti, kamera, na uufunge mfuniko uone kama itaamka ukiufungua. Kinachofanya kazi hapo kwa kawaida kitafanya kazi baadaye.

Tatu, kama una pesa kidogo tu za kuitumilia kompyuta kuukuu, nunua diski ya aina ile mpya, ya SSD. Hakuna dawa nyingine inayoirudishia mashine ujana kiasi hicho. Baada ya hapo ongeza memori. Gigabaiti nne zitakusogeza, nane zitakustarehesha.

Nne, ukinunua mtumba, tafuta zile zilizoundwa kwa ajili ya maofisi, kama ThinkPad za Lenovo, Latitude za Dell na EliteBook za HP. Nyingi zafunguka kwa bisibisi ya kawaida, vipuri vyake vyapatikana, na kwa kuwa wengi wamezitumia, maradhi yake yanajulikana. Kabla hujalipa, iwashe na uingie kwenye mipangilio yake ya mwanzo uhakikishe haikufungwa kwa nywila ya ofisi ilikotoka. Itazame na betri pia. Iliyofura kama andazi ni hatari ya moto, usiichaji.

Tano, kadi za wai-fai za Intel aghalabu huelewana na Linux bila taabu. Za Broadcom zimejulikana kwa miaka mingi kuhitaji programu ya ziada. Kadi za skrini za Nvidia nazo mara nyingi huhitaji yake. Kifaa cha kusoma alama ya kidole usikitegemee sana. Na wai-fai ikikataa kabisa, simu ya Android iliyounganishwa kwa waya itakupa intaneti ya kuanzia.

Sita, ujue usichokipata. Programu kadha zilizotungiwa Windows, kama Photoshop, hazina toleo la Linux, na baadhi ya michezo ya watoto haitacheza. Barua na hesabu utaziandika kwa LibreOffice, ambayo hufungua faili za Word na Excel, ingawa mpangilio wa ukurasa huweza kusogea hapa na pale. Kama riziki yako inategemea programu moja maalumu, ulizia kwanza.

Namna ya kuuliza, na kosa langu

Waswahili husema mficha uchi hazai. Lakini kuna kuuliza na kuuliza. Ukifika kikundini na kusema “kompyuta yangu haifanyi kazi,” hata mjuzi atakodoa macho. Sema ni aina gani, ya mwaka gani, mfumo gani na toleo gani, ulifanya nini, ukatarajia nini, na skrini iliandika nini, neno kwa neno. Piga picha kwa simu kama huwezi kukariri. Ipo amri fupi iitwayo lspci, ambayo huorodhesha kadi zilizomo ndani ya mashine. Ukija na orodha hiyo, umemaliza nusu ya safari.

Hilo ni rahisi. Gumu ni linalofuata, na hapa sina budi kuungama.

Baada ya miezi miwili laptopu yangu ilizua jambo jipya. Nikifunga mfuniko na kuufungua, skrini ilibaki nyeusi. Nilihangaika nayo usiku tatu. Hatimaye nikasoma kwamba Linux Mint humpa mtu orodha ya viini vipya zaidi vya kuchagua. Nikaweka kimojawapo, tatizo likaisha. Nilifurahi, nikajisifu mbele ya watoto, nikaendelea na shughuli zangu. Mikutano miwili iliyofuata sikwenda. Kwa nini niende, ilhali yangu imepona?

Niliporudi, nilimkosa mwanamke mmoja kijana niliyekuwa nimezoea kukaa karibu naye, anayewaandikia watu barua na fomu katika kibanda cha sokoni. Laptopu yake ilikuwa aina moja na yangu. Niliambiwa ilianza kuzimika skrini kila alipofunga mfuniko, wateja wakimngoja. Wenzetu walijaribu mengi wasifaulu. Wiki iliyotangulia alikuwa ameiuza kwa hasara, akakopa ili anunue nyingine.

Dawa ilikuwa kichwani mwangu siku zote hizo. Mstari mmoja ndani ya daftari ungemtosha.

Nilipowaeleza, mwalimu hakunikaripia. Alilisukuma daftari hadi mbele yangu, akaweka kalamu juu yake, akaendelea kumimina chai. Niliandika. Kisha nilimtafuta yule dada sokoni nikamwomba radhi. Alinisamehe kwa maneno, lakini deni lake alikuwa bado analilipa.

Hilo ndilo ninalotaka ulibebe leo, msomaji, hata kama hutagusa kompyuta maisha yako yote. Katika vikundi hivi hakuna ada. Usidhani kwa hiyo ni bure. Malipo ni kurudi ukasema ulivyopona. Anayeuliza, akajibiwa, akasema tu “asanteni, nimeshafaulu” bila kueleza alivyofaulu, ni kama mtu aliyechota maji akaondoka na kamba ya kisima.

Je, mtaani kwenu hakuna kikundi?

Basi kianzisheni. Watu watatu wanatosha. Mnahitaji meza, umeme wa kutegemewa, flashi mbili tatu, bisibisi, na daftari. Chagueni siku isiyobadilika, mathalani Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, ili hata aliyepotea akumbuke. Waulizeni wasimamizi wa shule, maktaba au kanisa kama wana chumba kinachokaa bure. Na wakaribisheni akina mama na wazee kwa makusudi. Mnaweza kudhani wanakuja kusaidiwa, kumbe ndio watakaowawekea kumbukumbu.

Wala tusiyaone mambo haya kuwa ya Wazungu. Mwaka wa 2004 Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alianzisha mfumo wa Linux akauita Ubuntu, neno la lugha za kusini ambalo ni ndugu wa utu wetu. Kwa miaka kadha, hadi 2011, mtu yeyote aliyeomba aliletewa sidii zake kwa posta bila kulipa. Mwaka huo huo wa 2004, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakishirikiana na wenzao wa Sweden walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Waliweza kufanya hivyo bila kumpigia mtu magoti, kwa sababu maandishi ya ndani yalikuwa wazi.

Nyumbani kwetu sasa mfuko mweusi hauko tena juu ya kabati. Jioni watoto hunyang'anyana laptopu, na siku moja moja, wakishamaliza kazi za shule, humfungulia nyanya yao awasimulie. Zile hadithi mbili zilizopotea, binti yangu mkubwa anadai anazikumbuka. Amesema atazirekodi kwa sauti yake. Safari hii tutaweka nakala tatu.

Wahenga walituasa tusitupe mbachao kwa msala upitao. Haya, shusha mfuko huo, pangusa vumbi. Na ukishafaulu, usisahau kurudi.

Tukutane Jumapili ijayo, panapo majaliwa.